Mgane Jikoni: Chungu cha Mtu Mmoja

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinifunza mengi: kusoma juzuu, kuamkia wakubwa, kuvua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Jambo moja tu hakunifunza, nalo ni kupika. Wala simlaumu. Katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, mtoto wa kiume akionekana karibu na mafiga hufukuzwa kwa mwiko, akaambiwa aende barazani kwa wanaume wenzake. Hivyo nikakua, nikaoa, nikafanya kazi ya ukarani wa shehena kwa miaka 33, nikastaafu, na katika umri wote huo sikupata kuchemsha hata yai.

Kisha mke wangu akafariki dunia.

Ndugu msomaji, siandiki haya ili nikuhuzunishe. Nayaandika kwa kuwa najua siko peke yangu. Wako wagane kama mimi. Wako vijana wetu waliopanga chumba kimoja Nairobi kwa ajili ya kazi au masomo. Wako ndugu zetu walio Saudia, Oman na Qatar, ambao wakitoka kazini hukuta jiko baridi na kitanda. Wote hao wana swali moja kila jua likitua: leo nile nini?

Siku tatu za matanga masinia yaliingia nyumbani kwangu hata pa kuyaweka pakakosekana. Baada ya hapo majirani waliendelea kunitazama kwa wema, lakini kila nyumba ina haja zake, na mtu mzima huona haya kungojea sahani ya jirani kila siku. Binti yangu aliyeolewa Malindi akanitaka nihamie kwake. Nikakataa, kwani nyumba hii ndimo nilimozaliwa. Basi nikawa naishi hivi: asubuhi chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na mkate wa duka, mchana viazi vya karai au bajia za njiani, usiku chai ileile na mkate uleule. Nikaenda hivyo miezi saba. Watu wakiniuliza hali, nikijibu alhamdulillahi.

Siku ya Ijumaa moja, tulipokwisha kusali, nikainuka nikaona msikiti wazunguka. Nikajikuta nimelazwa kwenye mkeka, watu wanipepea kwa kofia. Daktari aliponipima aliona sukari iko juu na damu imepungua. Akaniuliza nala nini, nikamweleza. Kisha akauliza, "Mzee, ni nani anayekupikia?" Hapo nikanyamaza, kwani jibu sikuwa nalo.

DADA NA KIKAPU CHAKE

Jioni ile dada yangu mkubwa alinijia na kikapu cha ukili mkononi. Aliketi jikoni, asiketi sebuleni, nami nikajua mambo yameharibika.

"Dada," nikamwambia, "mimi sijui kupika."

"Wajua kusoma?"

"Najua."

"Wajua kupima?"

"Nimepima shehena maisha yangu yote."

"Basi wajua kupika. Lililobaki ni haya tu, na haya haitii mtu shibe."

Kisha akanipa wasia ambao naupitisha kwako, msomaji, kama nilivyoupokea. Alisema: "Usitake kujifunza vyakula kumi. Jifunze vitatu, na kila kimoja ujue kukigeuza mara tatu. Mtu aishiye peke yake hachoshwi na chakula kichache, huchoshwa na chakula kilekile."

Ama kuhusu hiyo haya, nilikutana nayo asubuhi ya pili pale Marikiti. Nilikuwa nimeshika kikapu, nachagua tungule, mara rafiki yangu wa baraza akanipigia kelele, "We! Umeoa lini tena hata ukatumwa sokoni?" Watu wakacheka. Nami nilicheka kwa midomo, moyoni nikachomeka. Lakini njiani nikirudi nyumbani nilianza kufikiri. Ni nani apikaye pilau ya harusi katika masufuria makubwa hapa kwetu? Aghalabu ni wanaume. Ni nani achomaye mishikaki barabarani, na auzaye kahawa kwa dele? Ni wanaume. Majahazini, katika safari za kusi na kaskazi, ni nani aliyewapikia mabaharia? Kulikuwa na mwanamke gani humo? Na zaidi ya yote hayo, Bibi Aisha, Mungu amridhie, alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika akitoka kwenda kusali. Basi mimi ni nani hata nione mwiko utanivunjia heshima?

KWANZA JUA KIPIMO

Kosa la kwanza la anayeishi peke yake ni kupika kana kwamba nyumba imejaa watu. Siku yangu ya kwanza nilipika kibaba kizima cha mchele, kwa kuwa hicho ndicho kipimo nilichozoea kukisikia nyumbani. Nikala wali siku mbili, siku ya tatu ukachacha nikaumwaga, na israfu ile ikaniuma kuliko njaa.

Kipimo cha mtu mmoja ni nusu kikombe cha chai cha mchele, yaani gramu 80 hadi 100 hivi. Nyama au samaki ni kipande cha ukubwa wa kiganja. Nazi moja ni nyingi kwa siku moja. Mwenye friji na aikune yote, akamue tui, na lile lisilotumika aligandishe katika kile kibao cha kufanyia barafu. Kila kidonge kimoja kitatosha kutia ladha kwenye mchuzi mdogo. Asiye na friji na akune nusu, nusu ya pili aifunike vizuri katika kifuu chake na kuitumia kesho yake asubuhi, kwani tui halisubiri joto letu hili.

Kwa asiyejua, tui lina daraja. Ukishakuna nazi kwenye mbuzi, tia maji ya uvuguvugu kidogo, ufikiche na kukamua kwa kifumbu: hilo la kwanza ni tui zito, la kasimele. Liweke kando. Yale machicha yatie maji tena ukamue mara ya pili na ya tatu: hilo ndilo tui jepesi. Tui jepesi ndilo la kupikia tangu mwanzo. La kasimele hutiwa mwisho, moto ukiwa mdogo, huku wakoroga pole pole lisikatike. Mimi nilifanya kinyume mara ya kwanza, mchuzi ukawa kama maziwa yaliyoganda, na dada yangu akacheka hata akashika mbavu.

CHA KWANZA: POJO

Pojo ni rafiki wa mtu mwenye haraka, kwani hazihitaji kurowekwa. Chagua mawe, osha kikombe kimoja, chemsha mpaka ziwive. Nusu saa au zaidi kidogo yatosha. Kisha zigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mseto wa usiku uleule. Tia nusu kikombe cha mchele ndani ya pojo, mimina tui jepesi, chumvi, uache vishikane mpaka viwe laini. Kula na kipande cha ng'onda kilichochomwa, au ndimu na pilipili tu.

Fungu la pili ni mchuzi wa kesho. Kaanga kitunguu kiwe chekundu, tia kitunguu thomu kilichotwangwa, tungule mbili na bizari kidogo. Zikirojeka tia pojo, na mwisho vijiko vitatu vya kasimele. Huu waliwa kwa chapati au mkate wa mofa.

Fungu la tatu halitaki moto kabisa. Zichuje pojo, uchanganye na kitunguu kibichi kilichooshwa kwa chumvi, dania, pilipili mbichi na ndimu. Weka yai la kuchemsha pembeni. Ni chakula chepesi cha siku ya joto, na daktari wangu alikisifu kuliko vyote.

CHA PILI: SAMAKI

Samaki mnunue asubuhi, na umtazame usoni kama umtazamavyo shahidi. Jicho liwe angavu lisiwe limezama, matamvua yawe mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Mtu mmoja atosheka na tafi au changu mmoja wa nusu kilo, au vipande vitatu vya nguru. Mpake chumvi, ndimu, thomu na manjano.

Kipande cha kwanza kikaange kwa mafuta machache, ule na wali na kachumbari. Cha pili kitie katika mchuzi wa ukwaju: roweka ukwaju, uchuje, upike pamoja na tungule, kitunguu na mabenda au bilingani, kisha uweke samaki mwisho asije akavunjika. Kichwa na mkia visitupwe, ndivyo vyenye utamu wa mchuzi. Cha tatu kichemshe, utoe miiba, ukiponde na kiazi kimoja, pilipili manga na dania, ukifanye kababu tatu ndogo, uchovye katika yai na kukaanga. Mjukuu wangu alipokuja likizo alizila zote, mimi nikabaki na kiazi.

CHA TATU: MBAAZI

Mbaazi hutaka subira. Ziroweke usiku, asubuhi umwage maji yale, uzichemshe kwa maji mapya saa moja au zaidi. Washa jiko ukishatoka msikitini alfajiri, nazo zitakuwa tayari kabla jua halijakuwa kali. Pika za siku tatu kwa mara moja, moto uwe mmoja.

Za kwanza zitie nazi, pilipili nzima na kitunguu, ule kwa mahamri. Mahamri sikwambii uyapike. Kuna mama kila mtaa ayauzaye mazuri kuliko utakayoyapata wewe, na si aibu kununua. Za pili zikaange na tungule na bizari bila ya nazi, ziwe kavu, ule na wali. Za tatu zipike pamoja na muhogo au ndizi mbichi katika tui jepesi, chungu kimoja, bila ya kazi nyingine.

Hapo, msomaji, hesabu mwenyewe. Umejifunza vitu vitatu na umekula tisa. Kila siku ongeza mboga ya majani, iwe mchicha, matembele au majani ya kunde, maana hupikwa kwa muda wa dakika kumi tu. Daktari aliniambia niigawe sahani yangu kwa macho: nusu iwe mboga, robo iwe wali au muhogo, robo iwe samaki, pojo au mbaazi. Na mwenye maradhi kama yangu asizidishe kasimele, kwani nazi ina mafuta mazito.

HADHARI MBILI

Anayekula viporo lazima ajue mambo mawili. La kwanza ni wali. Mchele mbichi huwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa nje kwenye joto, mbegu hizo huamka, nazo hutoa sumu ambayo hata ukiupasha wali moto haiondoki. Kwa hiyo wali uliobaki uutandaze upoe upesi, uuweke kwenye friji kabla ya saa moja kupita, ule kesho yake, na uupashe mara moja tu. Kama huna friji, pika wa kumalizika.

La pili ni samaki kama jodari na vibua. Wakikaa juani baada ya kuvuliwa hufanya sumu mwilini mwao, mtu akila huwashwa, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga. Na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Kama samaki hukumwona akiwa katika barafu au akitoka majini, mwache, ijapokuwa ni rahisi.

BAKULI LA JIRANI

Sasa nifikie jambo ambalo dada yangu hakunifunza, nililifunzwa na upweke wenyewe.

Ramadhani ya kwanza bila ya mke wangu nilikuwa tayari najua kupika. Siku hiyo nilitengeneza muhogo wa nazi, kababu za samaki na uji wa pilipili manga. Nikatandika mkeka, nikapanga tende tatu na maji. Adhana ya magharibi ikalia, nikafungua. Nikala tende. Kisha nikaitazama ile futari nzuri niliyoipika kwa mikono yangu mwenyewe, na koo ikakataa. Nikatambua kuwa miezi ile saba ya chai na mkate haikuwa njaa ya kutojua kupika peke yake. Sikuwa na sababu ya kupika.

Tumefundishwa kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu. Nikainuka, nikatia nusu ya muhogo na kababu katika bakuli, nikalifunika kwa kawa aliyoisuka marehemu, nikagonga mlango wa jirani yangu, fundi seremala mwenye mke na watoto wanne. Mtoto wao wa kiume akalipokea. Niliporudi ndani nililoweza kulila nikalila.

Kesho yake kabla ya magharibi nikasikia hodi. "Babu, shikamoo. Mama akusalimu, asema bakuli lako hili." Kawa ilikuwa juu yake, na chini yake kulikuwa na kaimati. Kwani wajua desturi yetu: bakuli la mtu halirudi tupu. Tangu siku hiyo bakuli lile halijatulia. Mimi natoa pojo, larudi na vibibi. Natoa mchuzi wa samaki, larudi na mkate wa sinia. Ndiyo maana nikiulizwa siri ya kula vyakula mbalimbali na hali waishi peke yako, husema vyakula tisa ni vya dada yangu, na cha kumi hutoka mlango wa pili. Kipimo changu siku hizi si cha mtu mmoja. Ni cha mtu mmoja na bakuli.

Na bakuli lina kazi nyingine. Mwaka jana nilishikwa na homa kali usiku. Asubuhi sikuweza kuinuka, wala simu sikujua iko wapi. Mchana ulipita. Baada ya alasiri nikasikia hodi, kisha hodi tena kwa nguvu, na sauti ya yule mtoto: "Babu! Babu! Mama auliza mbona leo bakuli halikuja?" Baba yake akaingia, akaniona nilivyo, akanipeleka kwa daktari. Laiti ningekuwa bado nakula chai na mkate wangu kimya kimya, ni nani angejua kuwa sikula?

Basi wazazi wenzangu, nina ombi moja. Mtoto wa kiume akija jikoni msimfukuze kwa mwiko. Mpeni huo mwiko. Mfunzeni kukuna nazi, kuchagua samaki, kupika nusu kikombe cha mchele. Hatujui ni nani kati yetu atakayebaki nyuma, wala mtoto huyo riziki yake imeandikwa mji gani. Na wewe kijana uliye kwenye chumba chako Nairobi au Jeddah, usione chungu kidogo ni chungu cha huzuni. Haba na haba hujaza kibaba. Anza na pojo wiki hii. Na siku zikitoka nzuri, tia kidogo katika bakuli, ugonge mlango wa pili.